Kuingiza modeli ya jengo kwenye programu ya uchambuzi: kipanya, jedwali, faili la maandishi au mchoro

Jengo la kupangisha la ghorofa tano, kama yale yanayoinuka Kisauni na Bamburi hapa Mombasa, likifika kwenye kompyuta ya mhandisi wa miundo hugeuka orodha ya vitu sita: nodi (vituo vya makutano) na viwianishi vyake, memba (nguzo na bimu) zinazounganisha nodi, seksheni (vipimo vya mkato wa memba), nyenzo, maegemeo (mahali jengo linaposhikwa na msingi) na mizigo. Programu za uchambuzi za STAAD, ETABS, SAP2000, Robot na Prokon zote zinataka orodha hiyo hiyo, ila kila moja ina njia zake za kuipokea. Wengi hushika njia waliyofundishwa chuoni, yaani kubofya kwa kipanya, wakaitumia kwa kila kazi. Afadhali ujiulize kwanza: ni kipi kitakachobadilika kabla michoro haijapelekwa kaunti? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia njia.

Maelezo haya yanafuata mfano mmoja. Gridi A hadi E zina nafasi za 4.0, 3.6, 3.6 na 4.0 m, jumla 15.2 m. Gridi 1 hadi 4 zina nafasi za 4.5, 2.0 na 4.5 m, jumla 11.0 m, na ile nafasi ya 2.0 m ni korido. Uso wa juu wa msingi uko kimo cha -1.5 m, na slabu ziko 3, 6, 9, 12 na 15 m. Nguzo ni 300 × 300 mm, bimu 200 × 450 mm, slabu 150 mm.

Karatasi moja kabla ya kompyuta

Chora gridi kwa mkono na uandike mambo manne juu yake.

Kwanza vizio. Chagua mita na kN, usizibadilishe hadi mwisho. Zege la daraja la C25/30 lina E (kipimo cha ugumu wa nyenzo) ya 31 kN/mm², lakini kwa mita namba hiyo ni 31,000,000 kN/m². Anayeandika 31 huku programu iko kwenye mita atapata jengo laini kupita mpira, lenye mnyumbuko wa kilomita kadhaa. Kosa hilo huonekana haraka. Baya zaidi ni kuchanganya uzito na masi: 2500 ni kilo kwa mita ya ujazo, 25 ni kN kwa mita ya ujazo, na kila programu ina visanduku viwili vinavyofanana kwa ajili ya namba hizo.

Pili, mhimili unaosimama wima. STAAD huanza na Y juu, ilhali ETABS, SAP2000 na Robot huanza na Z juu. Ukihamisha viwianishi kutoka programu moja hadi nyingine bila kubadilisha safu, jengo linalala ubavu.

Tatu, upande wa nguzo zisizo mraba. Nguzo ya 200 × 450 iliyofichwa ndani ya ukuta lazima iandikiwe upande wake mrefu umeelekea gridi gani. ETABS na SAP2000, usipozigusa, huweka kina cha seksheni ya nguzo kufuata X. Ikiwa mchoro wa msanifu unataka upande mrefu ufuate Y, zungusha digrii 90.

Nne, mstari wa katikati. Msanifu huchora nyuso za kuta, nawe unahitaji mihimili. Bimu ikihama kutoka katikati ya nguzo kwa 50 mm ili ilingane na uso wa ukuta, iache kwenye gridi. Ukiweka nodi mbili zilizotengana 50 mm utapata memba fupi ngumu mno inayovuta momenti zisizokuwepo, na siku nzima itapotea ukitafuta nondo za kuimudu. Hatua ya chini ya 100 mm isikupe nodi mpya.

Kipanya

Kubofya kunafaa kwa modeli ndogo, kwa kurekebisha, na kwa sehemu zisizojirudia kama ngazi au bimu ya kubeba tangi la maji juu ya paa. Anza na gridi, chora ghorofa moja tu, ikague, kisha inakili kwenda juu. Anayenakili kabla ya kukagua huzidisha kosa lake mara tano. Zima pia uoni wa pembe na uchore kwa kutazama ghorofa kutoka juu, maana katika picha ya pande tatu mshale hunasa nodi ya nyuma wakati jicho linaona ya mbele.

Jedwali

Kwa jengo lenye gridi, lahajedwali ni bora kuliko kipanya. SAP2000 na ETABS za sasa zinakuruhusu kuhariri majedwali moja kwa moja, ukayatoa hadi Excel na kuyarudisha. Kazi ya kichwa hapa ni kuzipa nodi namba zinazosema mahali zilipo.

Chukua k kuwa kimo, 0 kwa msingi hadi 5 kwa paa. Nayo i iwe gridi ya herufi, 1 hadi 5. Nayo j iwe gridi ya namba, 1 hadi 4. Namba ya nodi ni 100 × k + 5 × (j − 1) + i. Msingi unapata 1 hadi 20, slabu ya kwanza 101 hadi 120, paa 501 hadi 520. Nguzo ipewe 1000 kujumlisha namba ya nodi yake ya chini. Bimu inayofuata X ipewe 2000 kujumlisha nodi yake ya kushoto, na inayofuata Y 3000 kujumlisha nodi inayoanzia. Hivyo ripoti ikikulalamikia bimu 2307, unajua bila kufungua picha kwamba iko slabu ya tatu, kutoka B-2 kwenda C-2.

Hesabu kabla ya kubandika. Nodi ni 20 × 6 = 120. Nguzo ni 20 × 5 = 100. Bimu kwa kila slabu ni 16 upande wa X na 15 upande wa Y, jumla 155. Memba zote ni 255. Programu ikikuonyesha 259 au 275, usiendelee.

Kwa nini ziwe 275? Kwa sababu ya kosa linalozaliwa na jedwali peke yake: kuburuta fomula hadi chini bila kuruka mwisho wa mstari. Nodi 105 ni E-1, na 106 ni A-2. Fomula inayounganisha kila nodi na inayofuata itachora bimu ya mshazari ya karibu mita 16 kutoka pembe hadi pembe, tatu kwa kila slabu, na kwenye mstari wa mwisho itatafuta nodi 121 ambayo haipo au utajikuta umeiumba. Weka sharti: kama i ni 5, hakuna bimu ya X, kama j ni 4, hakuna bimu ya Y.

Excel ina ukorofi mwingine. Jina la gridi lililoandikwa 3-5 hugeuzwa kuwa tarehe. Safu ya namba iliyonakiliwa kutoka PDF mara nyingi huwa maandishi, na mpangilio wa kompyuta unaotumia mkato badala ya nukta hufanya 3.6 isisomeke kama namba. Ziweke safu za majina kuwa maandishi na safu za vipimo kuwa namba kabla ya kuandika chochote.

Faili la maandishi

STAAD husoma faili la .std, SAP2000 lina .s2k, ETABS .e2k. Faili la STAAD ndilo rahisi zaidi kuandika kwa mkono, nalo lingali na faida kubwa: linasomeka na mhandisi mwingine bila leseni ya programu, na matoleo mawili yanaweza kulinganishwa mstari kwa mstari. Mfano wetu unaanza hivi:

STAAD SPACE
UNIT METER KN
JOINT COORDINATES
1 0 -1.5 0; 2 4 -1.5 0; 3 7.6 -1.5 0; 4 11.2 -1.5 0; 5 15.2 -1.5 0
101 0 3 0; 102 4 3 0; 103 7.6 3 0; 104 11.2 3 0; 105 15.2 3 0
MEMBER INCIDENCES
1001 1 101; 1002 2 102; 1003 3 103
2101 101 102; 2102 102 103; 2103 103 104; 2104 104 105
MEMBER PROPERTY
1001 TO 1003 PRIS YD 0.3 ZD 0.3
2101 TO 2104 PRIS YD 0.45 ZD 0.2

Mistari ya viwianishi na ya memba itolewe na Excel kwa kuunganisha seli, kisha ibandikwe. Angalia YD na ZD. Ya kwanza ni kina, ya pili ni upana. Ukizigeuza, bimu inalala bapa na ugumu wake unashuka mara tano, kwa sababu uwiano ni 0.45 kwa 0.2 uliopandishwa kipeo cha pili. Jengo halitaanguka kwenye kioo, litaonyesha tu mnyumbuko mkubwa, na mtu mwenye haraka ataongeza kina cha bimu badala ya kusoma mstari wake.

Uzito wa memba huitwa kwa SELFWEIGHT Y -1. Alama ya kutoa ikikosekana jengo linavutwa juu. Mwishoni, badala ya PERFORM ANALYSIS peke yake, andika PERFORM ANALYSIS PRINT STATICS CHECK ili programu ikupe jumla ya mizigo na jumla ya nguvu za maegemeo kwa kila kundi la mzigo.

Kuleta mchoro wa DXF (faili la kuhamisha michoro ya AutoCAD)

Hapa ndipo matumaini huwa makubwa na hasara pia. Mchoro wa msanifu haufai kuingizwa ulivyo. Una hechi, samani, vipimo, milango, na kila ukuta una mistari miwili. Fungua leya mpya tatu, moja ya bimu, moja ya nguzo, moja ya slabu, uchore mihimili upya juu ya mchoro wake, kisha ufute kila kitu kingine. Kwa jengo la ukubwa wa mfano wetu kazi hiyo haizidi saa moja, na inaokoa siku.

Yafuatayo yafanywe kwa mpangilio huu:

1. Hamisha mchoro ili gridi A-1 ikae kwenye 0,0. Jambo hili lina uzito wa pekee pale mchoro ulipowekwa juu ya ramani ya mpimaji. Viwianishi vya ramani vya UTM ukanda wa 37 Kusini hapa Mombasa viko karibu na 575,000 mashariki na 9,552,000 kaskazini, kwa mita. Mchoro ukiwa kwa milimita, namba za kaskazini zinapita bilioni tisa. Programu inayolinganisha nodi kwa milimita chache hupoteza tarakimu za mwisho, na nodi zilizopaswa kuwa moja zinakuwa mbili.

2. Zungusha. Kiwanja hakijali kaskazini, na jengo lililopinda digrii 17 litakupa viwianishi vyenye desimali nyingi na upepo usiofuata gridi. Gridi zilale kwenye X na Y.

3. Vunja bloku kwa EXPLODE, na mistari iliyounganika ivunjwe iwe vipande vya moja kwa moja. Tao ligawe vipande vifupi.

4. Endesha OVERKILL kwenye AutoCAD ili kuondoa mistari iliyolaliana. Bimu mbili juu ya nodi zile zile hazionekani kwa macho, ila ugumu wao unajumlishwa na uzito wao pia.

5. Kata kila mstari unapokutana na mwingine. Bimu ndefu inayopita juu ya nguzo tatu bila kukatwa inashikana na nguzo za mwisho tu, zile za kati zinaning'inia chini yake bila kubeba kitu. Programu nyingine zina amri ya kugawa memba penye makutano. Itumie, kisha uhesabu tena kama zimefika 255.

6. Wakati wa kuingiza, sema kizio cha mchoro. Kosa la milimita kwa mita linakupa jengo la urefu wa kilomita 15.2.

Kutoka Revit na IFC

Kama msanifu anatumia Revit, programu ya kuchora jengo kwa pande tatu, usitarajie modeli ya uchambuzi izaliwe yenyewe. Tangu toleo la 2023, modeli ya uchambuzi ndani ya Revit inajengwa kwa makusudi, kando na ile ya umbo. Robot inaunganishwa nayo moja kwa moja, na ETABS kwa kiunganishi chake. Faili za IFC (za kubadilishana modeli kati ya programu) tunazopokea kwa kawaida hubeba maumbo ya ujazo tu, na programu hulazimika kubahatisha mhimili. Zitumie kama picha ya nyuma ya kuchorea. Njia hii inalipa pale tu msanifu na mhandisi wako ofisi moja, au wana mkataba wa nani anagusa nini.

Violezo na msimbo

Godauni la Miritini au Mariakani lenye fremu za chuma kila mita 6 lisichorwe kwa kipanya. Karibu kila programu ina kiolezo cha fremu: unaandika upana, kimo cha ukingo, mwinuko wa paa, idadi ya fremu, na mifupa inasimama ndani ya dakika moja. Kinachobaki ni kulegeza ncha za pau za paa, kuweka mikingamo, na kuelekeza upepo. Usiweke upepo upande mmoja kwa hoja kwamba kusi ndio mkali. Kanuni inataka pande zote, na kwa paa jepesi la mabati mvuto wa kwenda juu ndio unaoamua bolti za msingi.

Majengo yanayofanana yakizidi matatu, andika msimbo. SAP2000 na ETABS hupokea amri kutoka Excel au Python. Amri ya FrameObj.AddByCoord inataka viwianishi sita vya ncha mbili. Kabla yake, weka vizio kwa SetPresentUnits(6), yaani kN na mita, la sivyo amri zitafuata vizio vilivyoachwa wazi kwenye programu jana.

Maegemeo na mizigo

Umbo likiisha kuingia kwa njia yoyote ile, maegemeo na mizigo yaingizwe kwa makundi, kamwe isiwe memba moja moja.

Kwenye jiwe zima la matumbawe, egemeo lisilosogea linakubalika. Tatizo ni kwamba matumbawe ya hapa yana mapango na mifuko ya mchanga, na ripoti ya udongo inaweza kutoa namba tofauti kwa shimo moja na jingine la kiwanja hicho hicho. Hapo tumia springi. Ripoti ikitoa 18,000 kN/m³ na msingi ni 2 × 2 m, springi ya wima ni 72,000 kN/m. Ile 18,000 ni ya eneo. Ukiiandika kwenye kisanduku cha nodi msingi wako unakuwa laini mara nne.

Mizigo ya mfano: slabu 0.15 × 25 = 3.75 kN/m², sakafu na plasta 1.5, jumla 5.25 kN/m². Matumizi 2.0 kN/m². Ukuta wa nje wa bloku za 200 mm zenye 22 kN/m³ ni 4.4 kN/m², plasta pande mbili 0.6, jumla 5.0. Kimo chini ya bimu ni 2.55 m, kwa hiyo mstari ni 12.75 kN/m. Madirisha hayakutolewa, na kuta za ndani tumeziacha ili hesabu iwe fupi.

Amri za kugawa mzigo wa sakafu juu ya bimu hutafuta vyumba vilivyofungwa na bimu pande zote. Bimu moja ikikosa nodi penye makutano, chumba hakifungi, na mzigo wake unaachwa. Onyo huandikwa ndani kabisa ya faili la matokeo, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha usanifu wa nondo, badilisha pia kifuniko cha zege, yaani unene wa zege unaofunika nondo. Namba inayokuja na programu haijui kwamba jengo liko Nyali hatua chache kutoka ufuoni, ambapo hewa ya chumvi inadai kifuniko kikubwa zaidi, na kifuniko kikikua kina cha kufanyia kazi cha bimu kinapungua.

Kukagua kwa jumla ya maegemeo

Picha nzuri ya mnyumbuko haithibitishi kitu. Jumla ya nguvu za maegemeo inathibitisha. Kwa mzigo wa kudumu wa mfano wetu, piga kwa kikokotoo:

Nguzo: 20 × 16.5 m × 2.25 kN/m = 742.5 kN.
Bimu: 115.8 m × 2.25 kN/m × slabu 5 = 1,302.75 kN.
Slabu na sakafu: 167.2 m² × 5.25 × 5 = 4,389 kN.
Kuta za nje: 52.4 m × 12.75 × slabu 4 = 2,672.4 kN.

Jumla ni 9,107 kN. Programu ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia moja, tofauti yenyewe ndiyo inakuambia kosa liko wapi. Ikizidi kwa 3,135, slabu imehesabiwa mara mbili: imechorwa kama kipengele chenye uzito wake, kisha 3.75 ikaandikwa tena ndani ya mzigo. Ikipungua kwa 668, kuta za ghorofa moja hazikuwekwa. Ikipungua kwa namba inayogawanyika kwa 5.25, kuna chumba kisichofunga. Gawanya upate eneo lake, na eneo litakutajia chumba. Jumla ikiwa kubwa mara makumi, rudi kwenye kilo na kN.

Bimu zimehesabiwa hapa kwa kina chote cha 450 mm, kama programu zinavyofanya, ingawa 150 mm za juu ni slabu ile ile. Ziada hiyo ni 87 kN kwa kila slabu. Iko upande wa usalama, hivyo tunaiacha, ila iandike kwenye karatasi za hesabu ili mkaguzi asiulize.

Halafu endesha mitetemo ya asili hata kama hutahitaji matokeo yake. Kipande kilichoachana na jengo hujitokeza kwenye umbo la kwanza kikipepea peke yake, wakati jengo zima limetulia. Programu ikikataa kabisa na kudai muundo hauna uthabiti, tafuta kwanza memba iliyolegezwa ncha zote mbili hata kwa msokoto, kisha nodi zilizokaribiana bila kuungana.

Hifadhi kila hatua kwa jina jipya, kwa tarehe, na nakala nje ya kompyuta. Stima ikipotea katikati ya kuandika faili, mara nyingi ni faili linaloharibika.

Na mwenye jengo akipiga simu kutaka ghorofa ya sita, kama mara nyingi atakavyofanya, jedwali lako linaongezewa nodi 601 hadi 620 kwenye kimo cha 18 m, nguzo 1501 hadi 1520, na bimu 31. Paa la zamani sasa linabeba kuta. Jumla ya maegemeo ya mzigo wa kudumu inapaswa kupanda kwa 1,941 kN. Ikipanda kwa 1,273 tu, kuta za slabu ya 15 m hazijaingia.